UCHAMBUZI: Mafuta ‘ya milele’ yanavyoua giaboksi za magari ya mitumba

WANUNUZI wa magari yaliyotumika ambayo huingia nchini kutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa huambiwa mengi kabla ya kutoa pesa. Huambiwa kwamba gari lilikuwa la mzee mstaafu aliyeliendesha kwenda dukani tu, kwamba halijawahi kugongwa, na kwamba giaboksi yake ya otomatiki ina mafuta ya milele yasiyohitaji kubadilishwa.

Madai mawili ya kwanza ni vigumu kuyachunguza. La tatu lachunguzika, na si la kweli. Wanaolilipia ni watu ambao wengi wao walinunua magari kwa mikopo ya benki au ya Sacco. Siku giaboksi inapokataa kuvuta, hulazimika kutafuta makumi ya maelfu ya shilingi, na kwa baadhi ya magari zaidi ya laki moja, ili kufungiwa giaboksi nyingine iliyotumika ambayo historia yake pia haijulikani.

Suala hili lisingekuwa na uzito kama magari yangepatikana kwa urahisi. Julai 2023, Kenya ilipandisha ushuru wa forodha wa magari kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35. Miezi michache baadaye, Januari 2024, Dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa zaidi ya Sh160. Ingawa shilingi ilijikwamua baadaye mwaka huo hadi karibu Sh129, mwananchi wa kawaida alikuwa ameshapata funzo: gari alilo nalo ndilo atakalokaa nalo.

Kwa madereva wa teksi za kuitwa kwa simu, biashara iliyoshika kasi jijini Nairobi tangu Uber ilipoingia mwaka wa 2015, hasara huwa maradufu. Toyota Vitz, Nissan Note au Mazda Demio ikilala gereji wiki mbili, mapato hukatika ilhali mkopo haulali.

Mafuta ya giaboksi ya otomatiki hufanya kazi nyingi kuliko oili ya injini. Katika gari la gia za mkono, dereva ndiye anayekanyaga klachi na kusukuma gia. Katika gari la otomatiki, kazi hiyo hufanywa na mafuta yenyewe. Pampu huyasukuma kwa shinikizo kupitia vijia vyembamba, nayo hubana klachi ndogo zilizo ndani na kuziachia kwa zamu. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayobeba nguvu ya injini kupitia chombo cha mviringo ambacho mafundi hukiita konveta, ndiyo yanayopoza na kulainisha, na ndiyo yanayosomba uchafu hadi kwenye filta.

Filta hukaa chini ya giaboksi, ndani ya bakuli la chuma ambalo gerejini hujulikana kama sampu. Kila klachi inapobana, chembe ndogo za utando wake na za chuma hukwanguka. Baadhi hunaswa na filta, baadhi na sumaku ndogo zilizopachikwa katika sampu, na zilizobaki huendelea kuzunguka. Filta ikiziba, pampu hukosa mafuta ya kutosha, shinikizo hushuka, na klachi huteleza badala ya kubana. Kuteleza huko huzaa joto, nalo joto huharibu mafuta yaliyosalia. Mzunguko huo ukishaanza hauzuiliki kwa dua.

Giaboksi yenye afya hufanya kazi kwenye joto la kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi hivi. Kanuni ya jumla inayotumiwa na wataalamu wa mafuta ni kuwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya kiwango hicho hupunguza umri wa mafuta kwa takriban nusu. Anayeijua foleni ya jioni katika Barabara ya Mombasa, ambapo gari husogea hatua tatu na kusimama, au aliyewahi kupanda mwinuko wa Mai Mahiu kuelekea Limuru akiwa na abiria na magunia ya viazi, anajua joto hilo hutoka wapi.

Dai la mafuta ya milele halikubuniwa na wauzaji wa Nairobi wala Mombasa. Lilitoka viwandani. Watengenezaji walipoanza kutumia mafuta ya kisasa yanayodumu muda mrefu, waliondoa kijiti cha kupimia mafuta katika magari mengi, na katika vitabu vya baadhi ya magari wakaandika kwamba giaboksi imejazwa mafuta ya muda wote wa matumizi yake. Kwa mtengenezaji, hatua hiyo ina faida. Gari huonekana halina gharama nyingi kwa mnunuzi wa kwanza, na asiye na ujuzi hapati nafasi ya kutia mafuta yasiyofaa.

Lakini muda wote wa matumizi ya nani? Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo hutengeneza giaboksi za magari ya BMW miongoni mwa mengine, imekuwa ikishauri kwamba mafuta yabadilishwe kila baada ya kilomita 80,000 hadi 120,000 au kila miaka minane, kutegemea jinsi gari linavyoendeshwa, hata pale ambapo muuzaji wa gari alisema mafuta ni ya kudumu. Aliyeunda giaboksi na aliyeuza gari hawakutoa kauli moja.

Miaka minane ndio umri ule ule ambao kanuni ya KS 1515 ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) imeuweka kuwa kikomo cha magari yaliyotumika yanayoruhusiwa kuingia nchini, ukihesabiwa kutoka mwaka wa kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Kwa sababu ya bei, wanunuzi wengi huchukua gari lililokaribia kikomo hicho. Hivyo basi gari hushushwa melini Mombasa wakati ule ule ambapo mafuta yake, kwa kipimo cha ZF, yalipaswa kumwagwa. Uhai wa kwanza uliokusudiwa na kitabu unakwisha, na uhai wa pili, ambao katika barabara za Kenya waweza kufika miaka 10 au 15, huanza kwa mafuta ya uhai wa kwanza.

Nchini Japani, gari dogo la kibinafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima, uitwao shaken, likitimiza miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili. Gharama za ukaguzi huo ni miongoni mwa sababu zinazowafanya wengi huko waachane na magari yakiwa bado mazima. Mkazi wa Yokohama anayepanga kuliuza gari lake kabla ya ukaguzi ujao hana sababu ya kulitia mafuta mapya ya giaboksi.

Mnunuzi makini aweza kupata fununu ya historia ya gari lake bila kumtegemea muuzaji. Gereji nyingi za Japani hubandika kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti, kikionyesha tarehe na kilomita za huduma ya mwisho. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu husomeka. Kikwazo ni mwaka, ambao mara nyingi huandikwa kwa kuhesabu tangu mfalme aliposhika kiti: 30 ya enzi ya Heisei ni 2018, na 5 ya enzi ya Reiwa ni 2023. Hata hivyo, vibandiko vingi huhusu oili ya injini, si giaboksi. Nazo kilomita za kwenye dashibodi si ushahidi wa kutosha, kwani kurudisha mita nyuma ni hila ya siku nyingi. Lililo salama ni kuchukulia kwamba mafuta ya giaboksi hayajawahi kuguswa, hadi ithibitishwe vinginevyo.

Kosa la pili, ambalo huenda limeua giaboksi nyingi zaidi ya lile la kwanza, ni kutia mafuta yasiyo yake. Kwa baadhi ya mafundi, mafuta ya otomatiki ni mafuta mekundu, basi. Rangi hiyo ni ya kutiwa tu ili mafuta yasichanganywe na oili ya injini, na haielezi chochote kuhusu yaliyomo. Toyota za miaka tofauti zilitumia mafuta ya T-IV na baadaye WS, ambayo ni mepesi zaidi, na kampuni hiyo haikuyakusudia yabadilishane nafasi.

Tatizo ni kubwa zaidi kwa giaboksi za CVT, ambazo sasa zimo katika Fielder, Axio, Vitz, Note, X-Trail na magari mengine mengi madogo yanayoletwa nchini. Giaboksi ya aina hii haina hatua za gia. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili za chuma zinazopanuka na kujibana. Nguvu yote ya injini hupita pale chuma kinapogusana na chuma, na mafuta ya CVT huundwa kwa kemia inayokizuia chuma hicho kuteleza. Mafuta ya otomatiki ya kawaida yana kemia tofauti. Yakitiwa humo, mkanda huteleza na kukwaruza puli, na puli iliyokwaruzwa haina dawa. Nissan zenye CVT huhitaji NS-2 au NS-3 kulingana na mfano, Toyota huhitaji TC au FE, na baadhi ya Honda huhitaji HCF-2. Jina hilo huandikwa katika kitabu cha gari, na katika baadhi ya magari huchapwa kwenye kijiti chenyewe cha kupimia.

Hata CVT zinazotunzwa vyema si ngumu kama giaboksi za zamani. Nchini Marekani, Nissan ililazimika kurefusha dhamana ya CVT za magari yaliyotengenezwa kati ya 2003 na 2010 hadi miaka 10 au maili 120,000. Mwenye gari wa Kenya aliyenunua lile lililotumika Japani hana dhamana kama hiyo. Dhamana yake ni mafuta anayotia.

Kuna pia majina yaliyopitwa na wakati. Kampuni ya General Motors iliacha kutoa leseni za mafuta ya Dexron III mwishoni mwa 2006, na kwa hivyo chupa inayouzwa leo kwa jina hilo haina aliyeithibitisha kwa niaba ya kampuni hiyo. Kwamba kiungo kimoja tu chaweza kuleta mageuzi si jambo jipya: hadi Marekani ilipopitisha sheria ya 1973 ya kulinda viumbe vilivyo hatarini, mafuta ya nyangumi yalikuwa miongoni mwa viungo vya mafuta ya giaboksi, na kuondolewa kwake kuliwapa wanakemia kibarua kikubwa cha kutafuta mbadala.

Juu ya hayo kuna mafuta bandia. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ilipitishwa mwaka wa 2008 na kuunda chombo cha kuwakabili wanaoziuza, lakini mkebe halisi uliotupwa gereji huokotwa, ukajazwa mafuta mengine na kurudishwa dukani. Katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga na eneo la Grogan jijini Nairobi kuna wauzaji waaminifu na wasio waaminifu bega kwa bega. Bei iliyo chini mno kuliko ya wengine, kifuniko ambacho pete yake imekwisha kukatika na maandishi yaliyopauka ni dalili za kutosha za kumfanya mteja aondoke. Mwenye gari naye ana wajibu: mkebe ukiisha, autoboe kabla ya kuutupa.

Imani ya tatu ni ile ya mafundi wanaosema kwamba gari lililokaa muda mrefu na mafuta ya zamani lisiguswe, kwani mafuta mapya yatalimaliza. Imani hii haikuzuka hivi hivi. Wapo wenye magari waliobadilisha mafuta Jumamosi na giaboksi ikafa Jumatano. Lakini wengi wao walikwenda gereji kwa sababu gia zilikuwa zimeanza kuteleza. Klachi zilikuwa zimekwisha, na mafuta mapya yalipewa lawama isiyo yao. Wengine walifanyiwa usafishaji wa mashine inayosukuma mafuta kwa nguvu, ambao waweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vali nyembamba. Njia ya kumwaga na kujaza, inayoacha mafuta yatoke yenyewe kwa uzito wake, haina hatari ya aina hiyo.

Njia hiyo ndiyo inayoweza kufanywa nyumbani na mtu mwenye subira, spana zinazofaa na mahali tambarare penye saruji. Subira ndiyo inayotangulia.

Kabla ya lolote, gari huendeshwa dakika kumi hivi ili mafuta yapate uvuguvugu na kutoka kwa urahisi, bila kuwa ya kuunguza. Magurudumu yasiyoinuliwa huzuiwa kwa vigingi, na gari huwekwa juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Mawe ya ujenzi, ambayo huonekana chini ya magari katika mitaa mingi, hupasuka bila kutoa onyo, na hakuna giaboksi yenye thamani ya mbavu za mtu.

Hatua inayofuata ni ile inayosahauliwa zaidi: kuhakikisha kwamba tundu la kujazia linafunguka kabla ya kufungua la kumwagia. Aliyemwaga mafuta kisha akakuta nati ya juu imeshika kutu ana gari lisiloweza hata kufika kwa fundi. Aidha, ni lazima kuwa na hakika kwamba nati inayofunguliwa ni ya giaboksi. Katika magari kadhaa nati ya oili ya injini na ya giaboksi hukaribiana, na wapo waliomwaga mafuta ya giaboksi wakidhani ni ya injini, kisha wakaongeza oili juu ya injini iliyokuwa imejaa. Gari la namna hiyo huharibika mahali pawili kwa siku moja.

Mafuta yanayotoka hukusanywa katika beseni na kupimwa kwa chupa zenye alama za lita. Kiasi kilichotoka, mafuta yakiwa na joto lile lile, ndicho kitakachorudishwa kwanza, alimradi kiwango kilikuwa sawa tangu awali. Giaboksi haichomi mafuta kama injini, hivyo yakiwa yamepungua kuna mahali yanapovuja. Mafuta ya kahawia iliyokoza yamechoka. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, klachi zimeathirika. Yakiwa na rangi ya maziwa yenye wekundu, maji ya rejeta yameingia, kwani katika magari mengi mafuta hupozwa kupitia mirija iliyo ndani ya rejeta. Hali hiyo ya mwisho si ya kushughulikiwa nyumbani.

Baada ya hapo bolti za sampu hulegezwa, za upande mmoja zikitangulia ili mafuta yaliyosalia yachuruzike badala ya kumwagikia uso. Sumaku zilizo ndani husimulia mengi. Utando laini wa kijivu kama matope ni kawaida ya kuchakaa. Vipande vinavyohisika kwa kidole ni habari mbaya, na mwenye gari afadhali ajue sasa kuliko kujua akiwa Naivasha usiku.

Filta hushikiliwa na bolti chache, na mara nyingi huwa na pete ya mpira inayoziba pale inapoingia. Pete ya zamani hupenda kubaki juu. Asiyeiondoa, akaweka mpya juu yake, atasababisha pampu ivute hewa. Filta nyingi za Toyota ni za wavu wa chuma, na mafundi wengine huziosha kwa petroli na kuzirudisha. Wavu huo hauchakai upesi, lakini uchafu ulionaswa ndani ya filta iliyofungwa kiwandani hauonekani wala hautoki wote. Katika giaboksi za kisasa za ZF, filta na sampu ni kitu kimoja cha plastiki, na vyote hubadilishwa pamoja. Katika baadhi ya Honda za otomatiki filta imo ndani kabisa ya giaboksi na haifikiki bila kuipasua, hivyo huko ni mafuta tu yanayobadilishwa.

Sampu husafishwa na kupanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kwani uzi mmoja waweza kuziba vali. Gasketi ya zamani hukwanguliwa bila kuchubua chuma. Bolti zikirudishwa, hukazwa kwa kuruka kutoka upande mmoja hadi wa pili, kidogo kidogo. Hapa ndipo nguvu za mwanamume huleta hasara: bolti hizo ni ndogo na huhitaji mkazo mdogo sana, mara nyingi chini ya mita-newtoni 10. Zikikazwa mno, sampu hupinda na kuvuja, au nyuzi za bolti kwenye giaboksi hukatika.

Mafuta yakishajazwa, injini huwashwa, breki ikiwa imekanyagwa. Kigingo cha gia hupitishwa katika kila nafasi kwa sekunde chache kisha kurudishwa kwenye P. Katika magari mengi yenye kijiti, kiwango husomwa injini ikinguruma na mafuta yakiwa moto, si baridi kama ilivyo kwa oili ya injini. Katika magari yasiyo na kijiti, kuna nati ya kupimia. Mafuta yakiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji, ambalo kwa Toyota nyingi za WS ni kati ya nyuzi 35 na 45, hufunguliwa na mafuta ya ziada kuachwa yadondoke hadi yabaki matone. Kupima mafuta yakiwa ya moto zaidi ya hapo humaanisha kumwaga yaliyohitajika.

Kwa kufungua nati ya chini, magari mengi hutoa kati ya theluthi moja na nusu tu ya mafuta yote. Mengine hubaki katika konveta. Ikiwa kila mara hutoka asilimia 40, baada ya mara tatu mafuta ya zamani yaliyosalia huwa kama asilimia 22. Kwa sababu hiyo mafundi waangalifu hurudia kazi hiyo mara mbili au tatu, wakiliacha gari litembee kilomita mia kadhaa kati ya zamu moja na nyingine. Filta hubadilishwa mara moja tu. Baada ya hapo, kwa gari la foleni na miinuko, kilomita 40,000 hadi 60,000 ni muda wa busara kabla ya kurudia, na gari la teksi lapaswa kuwa karibu na kiwango cha chini.

Si kila gari ni la kujaribiwa nyumbani. Baadhi ya Nissan za CVT huhesabu uchakavu wa mafuta katika kompyuta yake, na hesabu hiyo hufutwa kwa kifaa cha kusoma mitambo ya gari. Gari ambalo tayari hushtuka linapobadili gia, huchelewa kushika D au huongeza mngurumo bila kuongeza kasi linahitaji uchunguzi wa fundi wa giaboksi. Kumwaga mafuta yake nyumbani ni kuficha ushahidi ambao fundi huyo angeuhitaji.

Linabaki suala la beseni lililojaa. Chini ya kanuni za usimamizi wa taka zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), mafuta yaliyotumika ni taka hatari, na anayeyasafirisha anapaswa kuwa na leseni. Uhalisia wa mitaani ni tofauti. Mafuta hayo hupakwa nguzo za ua ili kuzuia mchwa, humwagwa kwenye mitaro au huachwa yanywee mchangani. Shirika la Mazingira la Marekani (EPA) hukadiria kwamba mafuta ya kubadilishwa mara moja katika injini, galoni moja, yanaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Mkazi wa Nairobi mwenye lita nne za mafuta meusi hana kituo cha karibu cha serikali ya kaunti cha kuyapeleka. Njia iliyobaki ni kuyarudisha katika mikebe na kuyafikisha kwenye gereji au kituo cha petroli kinachouza mafuta yake kwa wakusanyaji wenye leseni.

Lawama haiwezi kuwekwa kwa mwenye gari pekee. KEBS huhitaji kila gari lililotumika likaguliwe katika nchi linakotoka kabla ya kupakiwa melini, kuhusu ubora wake wa kuwa barabarani. Ukaguzi huo humwambia mnunuzi kama breki na taa zinafanya kazi. Haumwambii mafuta ya giaboksi yana umri gani wala ni ya aina gani, na kitabu cha gari, kama kimebaki humo, kimeandikwa kwa Kijapani. Karatasi moja yenye jina la mafuta yanayohitajika, kwa Kiswahili na Kiingereza, ikiambatanishwa na cheti cha ukaguzi, ingemgharimu mwagizaji shilingi chache. Jina hilo tayari linajulikana kutokana na namba ya chesisi, ambayo mkaguzi huiandika kwa vyovyote vile.